Kukimbia Ukingo wa Longonot na Kurudi na Kucha Zako

Mwambie mtu anayekimbia kilomita 21 kila Jumapili kwamba njia ya Mlima Longonot ni kilomita 13 na kidogo, atacheka. Mimi nilicheka. Nilikuwa nimezoea lami ya Nairobi, nikapiga hesabu kwa mwendo wangu wa barabarani, nikamwambia dereva aliyetuleta atusubiri saa moja na nusu, wala asizime redio. Tulimrudia baada ya saa nne kasoro. Mwenzetu mmoja alikuwa anashuka kinyumenyume kama anayetoka kwenye dari, mimi nina kucha mbili nyeusi, dereva amelala fofofo na redio imemaliza betri ya gari.

Makosa yangu ya siku ile yalikuwa na mzizi mmoja: niliuona mlima kama barabara iliyoinamishwa. Longonot si hivyo. Kupanda kwake ni kwa kutembea, ukingo wake ni wa kukimbia kwa akili, na kushuka kwake ndiko kunakoamua kama kesho yake utaweza kukaa na kuinuka bila kushika ukuta. Haya yafuatayo nimeyapanga kwa mfuatano ambao ningependa mtu angenipa wakati ule.

Ujue mlima wenyewe

Longonot ni volkano iliyolala katika sakafu ya Bonde la Ufa, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, karibu na Ziwa Naivasha. Inaaminika ilitapika mara ya mwisho miaka ya 1860. Hifadhi ya taifa inayouzunguka ilitangazwa mwaka 1983, ina kilomita za mraba 52, na iko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Jina limetokana na neno la Kimaasai, oloonong'ot, yaani milima yenye migongo mingi iliyochongoka. Aliyeubatiza hivyo bila shaka alikuwa ameutembea.

Njia ni moja, na hilo ni jambo zuri kwa mgeni. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkano ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Kisha unarudi kwa njia ile ile uliyopandia. Kilele kiko kwenye ukingo huo huo, kinaitwa Kilele Ngamia, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Toka langoni hadi hapo unapanda zaidi ya mita 600, lakini hesabu hiyo inadanganya. Ukingo una nundu na mabonde, kwa hiyo mita ulizozipata kwa jasho utazipoteza kisha uzitafute upya, mara kadhaa, kabla hujafika juu.

Mtembeaji wa kawaida hutumia saa nne hadi tano kwa mzunguko mzima. Anayekimbia, kwa mara ya kwanza, na ajipangie saa tatu. Akimaliza kwa pungufu, heri yake.

Hatua ya kwanza: wiki nane kabla

Nachukulia kwamba tayari unaweza kukimbia kilomita 10 bila kusimama. Kama bado, anzia hapo, mlima hauendi kokote.

Wiki tatu za kwanza zipeleke msituni Karura, au msitu wowote ulio karibu nawe wenye njia za udongo. Karura haina mlima, lakini ina mizizi, mawe yaliyojificha chini ya majani, na kona za ghafla. Kazi yako hapo ni kulifundisha jicho. Mkimbiaji wa lami hutazama mbali, magari yanakuja kutoka wapi. Mkimbiaji wa njia hutazama hatua tatu au nne mbele, na mguu unaamini kile jicho lilichokwisha kuona. Inachukua muda. Mwanzoni utajikwaa kama mtoto.

Wiki ya nne hadi ya saba, nenda Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Vilima saba vimejipanga mstari mmoja, kile kirefu zaidi kina mita 2,460, na ukivifuata kutoka upande wa mji wa Ngong, palipo na mitambo ya upepo, utatokea Kona Baridi. Usiende peke yako. Sehemu za mbali za vilima vile zimewahi kuwa na vibaka, na walinzi wa msitu hupatikana kuwasindikiza watu. Walipe, uchukue namba, mzoeane. Ngong ndipo utakapojifunza jambo linalowauma wakimbiaji wengi kuliko mteremko wowote: kutembea. Kilima kikisimama sana, acha kukimbia, weka viganja juu ya mapaja karibu na magoti, inama kidogo kutoka kiunoni, kisha sukuma paja kwa mkono kila unapokanyaga. Utapishana na kijana anayekimbia kwa vidole huku akihema, atakupita kwa mita kumi, na dakika tano baadaye utamkuta amesimama ameshika kiuno.

Hili si jambo la wanyonge. Patrick Kipngeno, Mkenya aliyeshinda ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda milima mwaka 2022 na tena 2023, anapanda kwa kasi ambayo sisi tukiwa tambarare hatuifikii, lakini yule ni yeye. Sisi wengine tunapanda kwa moyo tulionao.

Katikati ya juma, siku moja, tafuta ngazi. Jengo la ghorofa nne linatosha. Wengi hupanda ngazi mbio na kushuka wakipumzika. Wewe fanya kinyume: panda polepole, shuka kwa makusudi, mguu ukipokea uzito wote bila kishindo. Sababu yake ni hii. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikivutwa, na hali hiyo huichana kidogo kidogo kuliko kazi nyingine yoyote. Ndiyo maana maumivu hayaji siku ile ile, huja kesho yake na hukolea siku ya pili. Habari njema ni kwamba misuli hukumbuka. Ikishaumizwa mara moja kwa kiasi, mara ya pili haiumii vile, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Ngazi za ghorofa nne kila Jumatano ndizo zitakazokuokoa Longonot.

Wiki ya nane pumzika. Kimbia kidogo, lala sana.

Anayetoka Mombasa, Dar au popote pa usawa wa bahari aongeze jambo moja: alale Naivasha usiku mmoja au mbili kabla. Mji ule tayari uko zaidi ya mita 1,800 juu, na kifua kisichozoea kitalalamika kwenye ngazi za hoteli kabla ya kulalamika mlimani.

Hatua ya pili: viatu

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea.

Udongo wa Longonot ni majivu na changarawe za volkano. Wakati wa kiangazi huwa unga laini unaofika kifundoni, na chini ya unga huo kuna mawe madogo yanayobingirika kama golori. Raba ya barabarani yenye soli laini itateleza, si labda, itateleza. Unahitaji kiatu chenye meno chini, meno yaliyoachana vya kutosha ili udongo usigande katikati.

Kipya dukani bei yake huogofya. Mimi viatu vyangu vya mlimani nimevitoa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, jozi ya tatu sasa, na muuzaji ananijua kwa jina la "mtu wa milima". Fika mapema siku marobota yanapofunguliwa. Ukishika kiatu, usitazame rangi. Kwanza kigeuze, pitisha kidole gumba juu ya meno ya soli, hasa chini ya kidole kikubwa na ukingo wa nje wa kisigino: ndipo wazungu waliokivaa walipomalizia. Pili, bonyeza povu la kati kwa kucha, pale ubavuni. Likizama na kurudi, bado lina uhai. Likikaa gumu kama sabuni iliyokauka, limekufa hata kama kiatu kinang'aa, weka chini. Tatu, kunja kiatu: kinapaswa kujikunja pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati kama chapati, kitakuangusha. Nne, sikiliza gundi. Vuta soli kidogo kwenye ncha ya mbele, ukisikia mlio mdogo wa kubanduka, fundi atashona, lakini vumbi litakuwa limeshaingia.

Nunua kikubwa kwa nusu saizi. Ninasisitiza nusu saizi kwa sababu ya zile kucha mbili. Mguu huvimba ukipanda, na ukishuka vidole husukumwa mbele kila hatua. Kiatu kilichokukaa sawasawa sebuleni kitakuwa nyundo mlimani. Na kucha zikate siku mbili kabla, si asubuhi ile ile.

Vumbi kuingia kiatuni kuna dawa ya bure: chukua soksi kuukuu ndefu, kata sehemu ya mguu, vaa ile bomba iliyobaki juu ya soksi yako kisha ishushe ifunike mdomo wa kiatu. Haipendezi. Inafanya kazi.

Hatua ya tatu: maji, chakula na mzigo

Hakuna maji njiani, hakuna kibanda, na kivuli ni kidogo. Vichaka vya leleshwa havikufichi jua. Beba lita mbili kwa mtu mmoja. Kama huna kile kibegi cha wakimbiaji chenye mfuko wa maji na mrija, kibegi cha kawaida chenye mkanda wa kifuani kitafaa, mradi kisicheze mgongoni.

Jambo ambalo huwashangaza wengi langoni: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya. Ile chupa ya maji uliyonunua njiani mjini Mai Mahiu, pamoja na mfuko wa vitafunio vyako, haitavuka. Beba chupa ya kudumu, ijaze nyumbani, na chakula kiweke kwenye mkebe au kitambaa.

Chakula chenyewe usikitafute kwenye pakiti za bei mbaya. Viazi vitamu vilivyochemshwa usiku, vikakatwa vipande vya kuingia mdomoni mara moja, vikanyunyiziwa chumvi, vinafanya kazi ileile. Ndizi mbili. Karanga kiasi, ingawa karanga wakati unahema zinaweza kukupalia, kwa hiyo ni za kileleni unapokaa. Kula kidogo kila dakika 40 hata kama huhisi njaa. Njaa ya mlimani ikishakushika, miguu huwa imezimika tayari.

Vingine: filimbi, bandeji ndefu ya kifundo, koti jepesi la upepo, kofia, hankachifu ya kufunika pua watu wakitimua vumbi mbele yako, na simu yenye chaji. Mtandao huja na kuondoka, kwa hiyo iweke simu kwenye hali ya ndege usipoihitaji, isimalize betri kwa kutafuta mnara.

Hatua ya nne: kuchagua siku

Kila msimu una bei yake. Januari, Februari, kisha Juni hadi Septemba ni kukavu, vumbi limejaa, lakini njia haina utelezi. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zinageuza vile vijikorongo vya kupandia kuwa mifereji, na ukingo ukilowa si mahali pa kujifunzia. Mvua fupi za kuanzia Oktoba huwa na tabia ya kunyesha alasiri, kwa hiyo asubuhi bado inawezekana.

Siku bora kuliko zote ni ile inayofuata mvua nyepesi kwa siku moja au mbili. Vumbi limeshikana, meno ya kiatu yanauma, hewa imeoshwa na ng'ambo ya bonde milima ya Nyandarua inaonekana kama imesogezwa karibu. Ukiipata siku hiyo, omba ruhusa kazini.

Kaa mbali na Jumamosi na sikukuu kama unaweza. Makundi ya ofisi na vyuo hujaa, na kwenye njia nyembamba mkimbiaji hugeuka kuwa msumbufu.

Hatua ya tano: kufika na kuingia

Matatu nyingi za Nairobi kwenda Naivasha hupita barabara ya juu, hazikufai. Uliza mahsusi gari linalopita Mai Mahiu, shuka kituo cha Longonot, kisha chukua boda hadi langoni. Kama una gari, teremka kwa barabara ya bondeni kwa adabu. Malori ni mengi na breki zao si zako. Pale chini ya mteremko, kandokando ya barabara, kuna kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Mimi husimama hapo wakati wa kurudi, dakika tano za kunyoosha miguu.

Malipo ya kiingilio hufanywa kwa njia ya mtandao, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Lipa ukiwa bado na mtandao mzuri, hifadhi stakabadhi kwenye simu, na beba kitambulisho. Bila hicho raia hahesabiwi raia. Viwango angalia siku chache kabla, maana hubadilika.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe hapo saa hiyo. Ukiingia saa tatu, utakuwa juu ya ukingo jua likiwa utosini, na joto la bonde si la Nairobi.

Kabla hujaanza, muulize askari mambo matatu: "Afande, mbogo wameonekana wapi asubuhi? Kuna sehemu ya ukingo iliyomomonyoka? Watu leo wanazunguka kwa upande gani?" Kisha mwambie unakimbia na unatarajia kurudi saa ngapi, na uchukue namba yake ya simu. Wao ndio watakaokutafuta, wape cha kuanzia.

Hatua ya sita: kupanda

Mwanzo ni mpole, na hapo ndipo mtego ulipo. Miguu ina hamu, hewa ni baridi, pundamilia wanakutazama, unajiona shujaa. Kimbia taratibu kwa kipimo hiki: uweze kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi. Sentensi ikikatika, punguza.

Njia ikisimama, ingia kwenye ule mwendo wa Ngong, viganja mapajani. Hatua ziwe fupi. Mguu uukanyage wote, si vidole tu, vinginevyo vigimbi vitakubana kabla hujaona shimo. Utaingia kwenye makorongo yaliyochimbwa na maji na nyayo za watu, kuta zake zinafika kiunoni au hata juu ya kichwa. Baki ndani ya njia. Watu wanaokwepa vumbi kwa kupita pembeni ndio wanaoufungulia udongo mlango mpya, na mvua ikija inaupanua.

Usipime muda kwa kilomita hapa. Kwa wengi wetu kilomita hizi 3.1 ni dakika 35 hadi 50, na mtu asikudanganye kwamba umechelewa.

Hatua ya saba: ukingo

Unatokea juu ghafla. Upepo unakupiga usoni, na mbele yako ardhi haipo: shimo kubwa la mviringo, kuta zake zimesimama, chini kabisa msitu mdogo wa kijani umejifungia peke yake kama bustani ya mtu asiyetaka wageni. Asubuhi yenye baridi unaweza kuona mvuke ukifuka kwenye kuta. Usishuke humo, wala usiwashe kitu chochote. Machi 2009 moto uliwaka mlimani hapa na kuwanasa wanyama ndani ya shimo.

Kunywa maji, kula viazi viwili, funga kamba za viatu upya. Kisha amua upande. Kwa mara ya kwanza fuata uelekeo wa watu wengi siku hiyo. Sababu si woga: sehemu kadhaa za ukingo ni mgongo mwembamba wenye mteremko pande zote mbili, na kukutana uso kwa uso na kundi la watu ishirini hapo ni kusimama na kubanana.

Sheria ya ukingo ni moja na haina msamaha. Ukitaka kutazama, simama. Ukitaka kukimbia, tazama chini. Ziwa Naivasha lipo, hifadhi ya Hell's Gate ipo, Mlima Suswa upo upande ule mwingine, zote zitakungoja usimame. Niliwahi kumwona jamaa akinyanyua simu huku anakimbia. Kilichomwokoa ni kichaka cha leleshwa, nacho kilimchuna mkono mzima.

Kwenye nundu fupi tembea, kwenye tambarare kimbia, kwenye miteremko mifupi acha miguu izunguke haraka bila kurefusha hatua. Ukitaka kumpita mtu, mwite kutoka mbali, "Naomba njia!", na umpite upande wa mlima, si upande wa shimo. Yeye ndiye mwenye haki ya njia. Upepo ukivuma kwa nguvu pale penye wembamba, ondoa aibu, tembea ukiwa umeinama.

Mwinuko wa mwisho kuelekea Kilele Ngamia ni mkali, pengine utatumia mikono. Kubali. Juu hapo kaa dakika kumi, vaa koti kabla hujahisi baridi, kula karanga zako. Na ukumbuke kwamba kilele si nusu ya kazi kwa miguu yako hata kama ni nusu kwa ramani.

Kama umefika ukingoni na kichwa kinauma, au mawingu meusi yanakusanyika, usizunguke. Geuka. Kilomita 6.2 za kwenda na kurudi hadi ukingoni ni mazoezi kamili, na umeme wa radi hauna mahali pengine pa kupiga kwenye mgongo ule zaidi ya kichwa chako.

Hatua ya nane: kushuka

Haya sasa. Umerudi pale ulipoingilia ukingoni, chini unaliona lango, miguu inakwambia imekwisha, na moyo unataka kujiachia. Simama. Legeza kamba za viatu zote, piga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma kabisa ndani ya kiatu, kisha kaza kamba kuanzia katikati kwenda juu, zaidi pale karibu na kifundo. Sehemu ya vidole iache na nafasi. Hatua hii ya dakika mbili ndiyo niliyoikosa mara ya kwanza, na ndiyo maana nasema kuhusu kucha kama mtu aliyefiwa.

Sasa namna ya kushuka. Mtu anayeogopa hujirudisha nyuma na kushukia kisigino, mguu umenyooka. Kwenye majivu, kisigino kikitua na goti likiwa limenyooka, mguu unatoka mbele na unakaa chini kwa makalio. Badala yake, magoti yawe yamekunjwa kidogo wakati wote, kifua kiwe juu ya miguu, mikono imeachana pembeni kama mbawa za kuku anayeruka ukuta. Hatua ziwe fupi na za haraka, haraka kuliko unavyodhani inahitajika. Mguu ukigusa na kuondoka upesi, jiwe halipati muda wa kubingirika chini yake.

Ndani ya korongo lenye unga mwingi, kanyaga zile sehemu zenye unga, siyo mawe yaliyojitokeza. Unga huzama na kukupunguzia kasi wenyewe. Jiwe linaloonekana imara mara nyingi limewekwa tu juu ya majivu na halina shina. Penye kona, punguza kabla ya kuiingia. Watu wanaopanda wako upande wa pili, wengine wamekaa katikati ya njia wanapumzika, na wana haki hiyo.

Ukianguka, na wengi wetu huanguka, anguka kuelekea mlimani, kwa kalio na paja. Usinyooshe mkono nyuma kujizuia, kifundo cha mkono ndicho huvunjika.

Mambo ya dharura na ya wanyama

Mbogo ndiye wa kuheshimu. Kwenye vichaka vya chini asubuhi mapema ongea kwa sauti, usivae vitu vya kuziba masikio, na ukimwona simama, rudi nyuma taratibu, mwache aende zake. Twiga na swala hawana neno nawe. Chui yupo, lakini huenda usimwone maisha yako yote.

Kifundo kikiteguka, usivue kiatu. Mguu utavimba na hautarudi ndani. Funga bandeji juu ya kiatu ukizungusha kama namba nane, kisha shuka ukiegemea mtu. Ikishindikana, piga filimbi mara tatu, pumzika, mara tatu tena, na mpigie askari wa lango ambaye namba yake uliichukua asubuhi. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana kwa 1199.

Baada ya hapo

Langoni vua viatu, kung'uta, osha miguu, kisha tembea peku dakika kumi kabla ya kuingia garini. Kula chakula chenye chumvi ndani ya saa moja. Kesho yake usilale kitandani mchana kutwa. Kama umelala Naivasha, nenda Hell's Gate ukatembee au ukaendeshe baiskeli kwenye barabara ya tambarare katikati ya pundamilia, damu izunguke. Korongo lake, lakini, liache kabisa kukiwa na wingu lolote upande wa juu. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watalii mle ndani, na mvua iliyoleta maji yale haikuwa ikinyesha juu ya vichwa vyao.

Siku ya pili mapaja yatauma kuliko siku ya kwanza. Ngazi ukizishuka, shika kikingio, na ukiulizwa kazini sema umeumia ukicheza na watoto. Ukitaja Longonot watataka kuja nawe Jumamosi.